Bweha Mweusi wa Bonde la Ngerengere

Mwinjuma bin Kibwana hakuwahi kumiliki bunduki, wala hakuitamani. Yeye alikuwa mtu wa wavu. Wavu wake aliusokota mwenyewe kwa nyuzi za magome, kamba nene za kuweza kumzuia nguruwe dume anayekuja mbio, na kila kiangazi aliutandaza uani akaukagua tundu kwa tundu, akifunga upya palipolegea. Mkewe Shamsia alikuwa akisema kwamba laiti mumewe angelikagua paa la nyumba kwa bidii ile, wasingelowa kila masika.

Walikaa katika kijiji kidogo mashariki ya mji wa Morogoro, pale mto Ngerengere unapokwisha kuachana na milima na kuanza kupita taratibu katikati ya vichaka. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, miaka michache baada ya reli kufika Morogoro. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyofuata ilikuwa imepita, na watu walikuwa wamerudi kwenye majembe yao. Nguruwe pori nao walikuwa wamerudi kwenye mihogo.

Ndiyo maana wawindaji wa nyavu walihitajika, na kundi lao lilikuwa la watu wa namna mbili. Wa bondeni, kama Mwinjuma, walikuwa Waislamu. Wa mlimani walikuwa Wakatoliki wa kijiji cha misheni, wakulima wa maharage na mboga kwenye miteremko ya Uluguru, na kiongozi wao alikuwa Benedikto, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Nguruwe alikuwa adui wa wote. Akishauawa, nyama waliibeba watu wa mlimani, na wa bondeni wakabaki na mashamba yaliyotulia; kisha baada ya siku chache vikapu vya maharage vilishuka kutoka juu bila mtu kukumbushwa. Hakuna aliyekumbuka nani aliyeupanga utaratibu huo, na haukuwahi kuleta ugomvi.

Kitu kimoja tu majirani walimnung'unikia Mwinjuma: alifuga mbwa. Alikuwa jike, mweusi tii kuanzia pua hadi mkia, na jina lake Watasema, kwa kuwa Mwinjuma alijua kwamba watasema. Na kweli walisema. Lakini aliyemsema Ijumaa kwa habari ya unajisi, Jumamosi alipita uani kwa unyenyekevu kuuliza kama Watasema anaweza kwenda kumfukuzia nguruwe shambani kwake. Mwinjuma alicheka, akamfungua mbwa, akanawa mikono.

Masika moja Watasema aliingia vichakani akifuata harufu, asirudi. Mwinjuma alimtafuta mpaka kwenye tuta la reli, akapiga miluzi mpaka midomo ikamkauka. Mwishowe aliacha kumtafuta, na hakufuga mbwa mwingine.

Mwaka uliofuata, wakati mtama unakomaa, alikwenda shambani alfajiri kuwatisha ndege. Ukungu ulikuwa bado umelala mtoni. Kando ya shamba akaona mnyama mweusi akipita kwa mwendo mwepesi, kichwa chini, bila haraka. 

"Watasema!" akaita.

Mnyama alisimama, akamgeuzia uso. Masikio yalikuwa makubwa mno, miguu myembamba, na ncha ya mkia ilikuwa nyeupe kama iliyochovywa kwenye unga. Alimtazama Mwinjuma kidogo, kisha akaingia kwenye nyasi, na nyasi hazikutikisika.

Mwinjuma alirudi nyumbani bila kumtisha hata ndege mmoja.

"Mama Mwaisha," alimwambia mkewe, ambaye alikuwa akichochea moto, "nimeona bweha mweusi."

"Bweha ni wa rangi ya vumbi, baba Mwaisha."

"Najua. Huyu ni mweusi."

Shamsia alimtazama usoni kuona kama ana homa. "Basi ni mtoto wa yule mbwa wako," alisema. "Kaenda kuolewa porini huko."

Alisema kwa mzaha, lakini neno lile lilimkaa Mwinjuma kifuani. Siku zilizofuata alijikuta akipita kando ya shamba lile hata asipokuwa na kazi.

Hakuwa peke yake. Wapasua kuni walimwona bweha yule, wanawake wa kuteka maji wakamwona, na Maneno, mwindaji mwenzao ambaye habari haikuweza kulala tumboni mwake, alimwona mara moja akamsimulia mara mia. Kila mtu akawa na lake. Wengine walisema ni jini. Wengine walisema ameingia rangi kwa moshi wa gari moshi, maana shimo lake lilikuwa karibu na reli. Kuku walipopotea, watu walimwambia Mwinjuma, "Mjukuu wako katutembelea tena," naye akacheka pamoja nao, ingawa nusu ya moyo wake haikuwa ikicheka. Kama kweli yule alikuwa damu ya Watasema, basi Watasema alikuwa ameishi baada ya siku ile. Hilo tu ndilo alilotaka kulijua.

Habari ikafika hadi kwenye shamba la miti ya mpira, kwa mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Bwana yule alipenda ngozi. Baraza yake yote ilikuwa imetundikwa ngozi za chui, za mbega, za kila mnyama, na sasa akataka ya bweha mweusi. Alimwita Benedikto akampa masharti: ngozi iwe nzima, isiwe na tundu la mkuki. Wakimletea, yeye atasema na wakubwa wa boma ili wawindaji wa nyavu wasichukuliwe kwenda kuchimba barabara msimu wa kupanda.

Ahadi hiyo ilikuwa kubwa. Kila mwaka jumbe alipita na askari wakachukua watu, na aliyechukuliwa wakati wa mvua za kwanza alirudi kukuta shamba lake ni nyasi. Lakini Benedikto alikuwa na sababu yake zaidi. Mkewe, Felista, alikuwa mja mzito. Mimba zake za kwanza zote ziliharibika, na safari hii Benedikto alikuwa hamruhusu hata kuinua mtungi. Alichota maji mwenyewe, mbele za watu, bila kujali nani anacheka.

Alishuka hadi kwa Mwinjuma, akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Mwinjuma, ndugu yangu," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "nikichukuliwa barabarani mwaka huu, nani atamwangalia Felista? Tukamate huyu bweha. Wewe unazijua njia zake kuliko sisi sote."

Mwinjuma alizijua kweli. Alikuwa amezifuata kwa majuma mengi, kwa sababu zake mwenyewe. Angesema nini?

"Tutamkamata," alisema.

Wakaenda asubuhi yenye jua zuri, umande ukiwa bado majanini. Nyavu zilifungwa mwisho kwa mwisho kuvuka ukingo wa kichaka, kila mtu akapiga goti nyuma ya wavu wake, rungu mkononi. Kwa desturi yao, kinachoingia kwenye wavu wako ni kazi yako kukimaliza. Upande wa pili Maneno na wafukuzaji wengine walianza kupiga madebe na kupaza sauti. Digidigi alitoka, wakamwacha apite. Kanga wakaruka. Kisha kimya kidogo, na Mwinjuma akasikia majani yakichanwa mbele yake.

Bweha aliingia wavuni kwa kasi, wavu ukamfunika, akabiringika nao mpaka kwenye magoti ya Mwinjuma.

Mwinjuma alimwekea goti juu ya kamba na kumbana shingo kwa mkono. Rungu alikuwa amelishika kwa mkono wa kulia. Lakini kwanza akamtazama. Alikuwa ameisubiri nafasi ile kwa muda mrefu. Pua ilikuwa nyembamba, meno madogo, harufu ile kali ya bweha ambayo mbwa hana. Bweha akatoa mlio, mlio wake wenyewe wa porini. Hapakuwa na mbwa ndani yake. Mwinjuma alielewa hivyo kama mtu anavyoelewa kwamba mlango aliokuwa akiubisha ni wa nyumba isiyo na watu. Watasema alikuwa amekufa masika ile ile, na majuma yote yale yeye alikuwa akimfuata mgeni.

Basi hapakuwa na sababu ya kungoja. Aliinua rungu.

Jua likapenya kati ya matawi, likaangukia ubavu wa yule bweha. Na juu ya ubavu ule mweusi Mwinjuma akaona mstari: ule mstari wa kila bweha, kutoka begani hadi kwenye nyonga, mweusi juu ya weusi, kama ua linaloonekana kwenye kitambaa unapokigeuza kwenye mwanga. Alikuwa bweha kama mabweha wengine. Kila alama aliyopaswa kuwa nayo alikuwa nayo, ila imefunikwa. Angekuwa wa rangi ya vumbi, hakuna ambaye angemtupia hata jiwe, wala bwana yeyote asingejua kama yupo duniani.

Bweha alikuwa ameacha kupigana. Alihema tu, ubavu ukipanda na kushuka chini ya mkono wa Mwinjuma.

Kama ungemuuliza baadaye ni kitu gani kilichompata, asingekupa jibu la kuridhisha. Alisema tu kwamba mkono wenye rungu ulishuka, na mkono mwingine ukaufungua wavu. Bweha alikaa palepale kidogo, kama asiyeamini, kisha akapita chini ya kwapa lake na kupotea.

Benedikto alifika akikimbia. Aliutazama wavu uliolala, akautazama uso wa mwenzake.

"Kakata kamba?"

Mwinjuma angeweza kuitikia tu, na mambo yangeishia hapo. Kamba zilikatika kila siku.

"Hapana," alisema. "Nimemwachia."

Benedikto hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kitako kwenye majani, miguu yake mirefu ikiwa imenyooka mbele kama ya mtoto.

"Kwa nini, Mwinjuma?"

"Sijui. Nilimtazama sana."

"Ulimtazama," alisema Benedikto. "Na Felista, yeye hukumtazama?"

Akainuka, akaufungua wavu wake kutoka kwenye vigingi, akaukunja begani na kupanda mlima bila kuwangoja wenzake. Watu wa mlimani wakamfuata mmoja mmoja. Maneno, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa la kusema.

Juma lile kikapu cha maharage hakikushuka. Shamsia aliisikia habari yote kisimani kabla mumewe hajamwambia, na aliporudi alitua mtungi, akasimama mlangoni.

"Mimi sikulaumu kwa bweha," alisema. "Lakini yule mwanamke wa mlimani, itakuwaje?"

"Nimekwisha kufikiri," alisema Mwinjuma. "Nitakwenda mimi."

"Kwenda wapi?"

"Barabarani. Wakija kumchukua Benedikto, nitakwenda badala yake."

Shamsia alitazama shambani, kisha juu. Shamba lilikuwa bado la kulima, na paa lilikuwa bado linavuja. Kisha akaingia ndani, na Mwinjuma akamsikia akitafuta lile blanketi zito.

Jumbe alipopita na askari, Mwinjuma hakungoja kuitwa. Aliwafuata mpaka kijiji cha misheni, akamsalimu jumbe, "Shikamoo, jumbe," na kumwambia kwamba mtu wa nyumba hii ana mgonjwa, na yeye amekuja kushika nafasi yake. Jumbe alikuwa anahitaji vichwa, hakujali ni vya nani. Benedikto alitoka nje akiwa na sufuria ya uji mkononi. Walitazamana juu ya uzio.

"Sikukuomba," alisema Benedikto.

"Hukuniomba," alisema Mwinjuma, akashika njia na wenzake.

Kazi ilikuwa ya kuchonga barabara ubavuni mwa mlima, upande wa Kinole, mahali ambapo mvua haina msimu na udongo huteremka tena kila unapoupandisha. Walipasua mawe, walibeba mawe, walisogeza mawe. Msimamizi alipenda kupiga kelele kuliko kupiga watu, na hiyo ilihesabiwa kuwa bahati. Jioni walikaa kuzunguka moto, wakichoma mihogo, na kwa kuwa habari za nyumbani ziliwatia uchungu, walisimuliana habari za wanyama.

Hapo ndipo Mwinjuma alipogundua kwamba hakuwa peke yake duniani. Alipomtaja bweha mweusi, alitegemea kuchekwa. Lakini mzee mmoja wa Dakawa, jina lake Stambuli, aliyewahi kuwa mwindaji wa mitego, alitikisa kichwa polepole.

"Mimi wangu alikuwa mweupe," alisema. "Bweha, tena ana watoto. Mweupe kama pamba, macho ya kawaida. Nilimwona kiangazi kizima. Watoto wake wote walikuwa rangi ya vumbi."

"Kwetu aliuawa mmoja mwekundu kama matofali," alisema mwingine kutoka ng'ambo ya moto. "Wazee wakakataa kumchuna."

"Mlikuwa mnasema ni kitu gani?" Mwinjuma aliuliza.

"Tulisema mengi," alisema Stambuli, akigeuza muhogo wake kwenye makaa. "Mke wangu alisema neno moja likaninyamazisha. Alisema, mbona mbuzi wetu mweupe kazaa mweusi juzi na hukuita mganga? Nikaona kweli. Ya zizini tumeyazoea, ya porini yanatushtua."

Mwinjuma alimsimulia habari ya mstari ule ubavuni. Hakuwa amemwambia mtu, hata Shamsia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamsogezea nusu ya muhogo wake, na kwa Mwinjuma hilo lilitosha.

Kabla ya kazi kumalizika, jiwe lilibiringika kutoka juu na kumpiga gotini. Halikumvunja mfupa, lakini goti lilivimba likawa kama boga, na lilipopungua halikuweza tena kukunjika vizuri. Walimruhusu arudi. Alishuka mlima akiegemea fimbo, mguu mmoja ukikataa kila anachoambiwa.

Shamsia alimpokea uani, akamkalisha, akalitazama lile goti bila kulia.

"Bweha wako alikuja," alisema, akipasha maji. "Asubuhi, na mwenzake wa kawaida. Kamchukua yule kuku wangu mwekundu, mtagaji."

"Pole, mama Mwaisha."

"Nilimrushia mwiko. Nikamkosa." Alikamua kitambaa, akakibandika gotini. "Lakini kweli ni mzuri."

Benedikto alikuja siku iliyofuata. Alikuwa amebeba kikapu mwenyewe, maharage chini na kabichi juu, na alisimama nje ya uzio kama mgeni mpaka Shamsia akamwambia, "Karibu, shemeji, unasimama nini?" Aliketi kwenye kigoda kilekile, akavua kofia.

"Felista amejifungua," alisema. "Mtoto wa kike. Wote wazima. Tumemwita Agnes."

"Alhamdulillahi," alisema Mwinjuma, na uso wake wote ukafunguka.

"Nilikuwa ndani alipozaliwa. Wakunga walinifukuza, nikakataa kutoka." Alizungusha kofia mikononi. "Nilikuwa na hasira nawe, Mwinjuma. Nilikuwa nayo kila siku uliyokuwa huko. Nilikuwa nikimkanda Felista miguu, nahisi hasira, halafu nakumbuka ni nani yuko kwenye mawe badala yangu. Ni kazi kubwa kumkasirikia mtu wa namna hiyo."

"Ungeacha."

"Nilijaribu." Benedikto akacheka kidogo. "Unajua yule Bwana Miwani? Nilikwenda kumwambia bweha amekimbia. Nilisali njia nzima. Akaniambia, haidhuru, sasa anataka ngozi ya chatu."

Walitazamana. Kicheko kilianza kwa Mwinjuma, kikaenda kwa Benedikto, na Shamsia akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kama bwana yule angetimiza ahadi yake au asingetimiza, hakuna aliyepata kujua.

"Nguruwe wameingia kwenye maharage," alisema Benedikto alipomaliza kujifuta macho. "Tangu ulipoondoka hatukuwinda. Watu wangu walisema hawaendi bila wavu wako kuwepo katikati."

"Siwezi kupiga goti, Benedikto. Tazama."

Benedikto alilitazama lile goti kwa muda, akalipapasa kwa kidole.

"Basi utasema tufunge wapi," alisema. "Kupiga goti nitapiga mimi."

Wakapanda mlimani asubuhi nyingine, polepole, Benedikto akiwa amebeba nyavu mbili, wake na wa mwenzake. Kwenye mteremko wa maharage Mwinjuma aliketi juu ya jiwe, mguu wake mbaya akiunyoosha kwenye jua, akaanza kuonyesha kwa fimbo: pale kwenye kisiki, hapana, chini kidogo, nguruwe hapendi kuruka mfereji. Watu wa mlimani na wa bondeni walihamisha vigingi kwa neno lake. Felista alishuka kutoka nyumbani, mtoto mgongoni, mkononi ana kapu la magimbi yaliyochemshwa.

"Umeamkaje, shemeji? Kula kwanza," alimwambia Mwinjuma, akamchagulia gimbi kubwa.

Mwinjuma akalimenya, bado la moto, akipuliza vidole. Huko chini kichakani madebe yalianza kulia, na Benedikto akapiga goti nyuma ya wavu.